Kuchagua ruta itakayofikisha Wi-Fi hadi chumba cha mwisho: mwongozo kamili kwa nyumba za Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Malalamiko ni yale yale, yatoke Kiamunyi, Migosi au Kakamega mjini. Intaneti imelipiwa, sebuleni video inacheza bila shida, lakini ukiingia chumba cha nyuma simu inarudi kwa bando. Mwenye nyumba anashuka mjini, ananunua ruta yenye antena sita, anaichomeka pale pale ilipokuwa ile ya zamani, na jioni hiyo hiyo chumba cha nyuma kiko vile vile.

Kosa ni kuanzia dukani. Ruta huchaguliwa kwa kuta za nyumba, kwa laini iliyoletwa na kampuni, na kwa mahali itakapokaa. Ukishayajua hayo matatu, muuzaji hawezi kukuyumbisha. Fuata hatua kwa mpangilio, na usiiruke ya kwanza hata kama una haraka. Wengi wakiifanya hugundua kwamba hakuna cha kununua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu ya Android yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi, kwa mfano WiFi Analyzer. iPhone haionyeshi vipimo hivi kwa urahisi, kwa hiyo azima simu ya Android kwa saa moja.
- Programu ya Speedtest, au tovuti ya fast.com.
- Karatasi na kalamu.
- Futi ya fundi, au kamba ndefu uliyoipima.
- Laptopu yenye tundu la kebo ya mtandao, kama ipo.
- Kebo ya mtandao ya mita 10 hadi 20. Hii unaweza kuazima kwa fundi, maana mwanzoni ni ya majaribio tu.
- Jina la kifurushi chako na kasi unayolipia.

Ukiwa mpangaji, ongeza ruhusa ya mwenye nyumba kwenye orodha hiyo. Ukuta ukitobolewa bila ruhusa, deposti ndiyo itakayoulipia.

## Hatua ya 1: Jua kama mgonjwa ni laini au ni Wi-Fi

Simama mita mbili kutoka kwa kisanduku cha kampuni, yaani kifaa walichokufungia cha kuleta intaneti ndani, pasipo na ukuta katikati. Zima data ya simu, kisha pima kasi asubuhi, adhuhuri na saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kama una laptopu, ichomeke kwa kebo moja kwa moja kwenye kisanduku. Hapo unapima laini peke yake, Wi-Fi haimo.

Sababu ya kupima hivi ni kwamba ruta haiongezi kasi ambayo haikuingia nyumbani. Ukilipia Mbps 20 na karibu na kisanduku unapata 18 au 19, laini ni nzima. Ukipata 4 kila usiku ukiwa umechomeka kebo, piga simu kwa kampuni na uweke pesa yako ya ruta mfukoni.

Angalia pia taa. Kwenye visanduku vingi vya faiba, ile iliyoandikwa PON inapaswa kuwaka kijani bila kupepesa. Ile ya LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kisanduku: uzi umekunjwa mno, umekatika, au umechomoka mahali fulani kati yako na nguzo. Hakuna ruta itakayotibu hilo.

Tahadhari: usichungulie ncha ya uzi wa faiba uliochomolewa. Mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru. Usiupinde uzi kwa kona kali nyuma ya kabati, kwa sababu ndani yake ni kioo.

Watu pia huchanganya vipimo. Kampuni huuza kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, lakini simu ikipakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha Mbps 20 kinachoshusha faili kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde kimekupa haki yako yote.

Unahitaji kasi gani hasa? Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Mkutano wa video huenda vizuri kwa Mbps 3 au 4, mradi kasi ya kupandisha nayo iwepo. Kwa hiyo familia inayotazama runinga moja, huku mtoto akisoma mtandaoni na mzazi mmoja akiwa mkutanoni, inatosheka na kifurushi cha Mbps 20 ikiwa Wi-Fi inakifikisha kila chumba.

Umefaulu ukiwa na: tarakimu tatu za kasi ulizopima karibu na kisanduku, za nyakati tatu, na uhakika kwamba laini haina neno.

## Hatua ya 2: Chora nyumba, upime chumba kwa chumba

Chora ramani ya nyumba. Si lazima iwe nzuri, ila onyesha kuta, milango, ngazi, bafu, jiko na mahali kisanduku kilipo. Kisha zunguka na simu. Katika kila chumba simama pale unapokaa kweli (kitandani, kwenye meza ya kazi, kwenye kochi), subiri nusu dakika, uandike namba inayoonyeshwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi.

Namba hizi ni hasi, na kadiri ilivyo karibu na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu:

- −30 hadi −55: hali nzuri sana.
- −56 hadi −67: inatosha kwa video na mikutano.
- −68 hadi −75: ujumbe utaenda, video itakwama mara kwa mara.
- Chini ya −75: simu itashika na kuachia.

Kama kisanduku chako kinatoa mawimbi ya masafa mawili, andika yote mawili. Yale ya GHz 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yana msongamano. Yale ya GHz 5 yana kasi kubwa, ila ukuta huyachosha upesi.

Sasa tazama kuta zenyewe, maana hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile zinazoonyeshwa kwenye matangazo ya ruta. Nchini Marekani nyumba nyingi zimegawanywa kwa mbao na mbao za jasi, na mawimbi hupita bila taabu. Nyumba ya Nakuru imejengwa kwa mawe ya kuchonga, imepigwa plasta pande zote mbili. Kuta mbili za namna hiyo huweza kuyamaliza kabisa mawimbi ya GHz 5. Slabu ya zege yenye nondo kati ya ghorofa ni mbaya zaidi. Ukimwona muuzaji akisema ruta yake "inafunika futi za mraba elfu mbili", jua kipimo hicho hakikufanyiwa katika mezoneti ya Kiamunyi.

Kuna vizuizi ambavyo watu huvisahau: kioo kikubwa cha kabati la nguo, friji, tangi la maji, bafu lenye vigae na mabomba, mlango wa chuma, na kuta au dari za mabati. Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka na maji huyanyonya. Viwekee alama ya X kwenye ramani.

Ukiwa bado na programu wazi, hesabu mitandao ya majirani. Katika fleti za Migosi au Section 58 ni kawaida kukuta majina mengi yakigombania GHz 2.4. Masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Nyumba kumi zikigawana chaneli tatu, kila moja hungoja zamu yake kabla ya kusema. Hapo nguvu ya mawimbi inaweza kuwa −50 na kasi bado ikawa duni, na dawa ni kuhamia GHz 5.

Umefaulu ukiwa na: ramani yenye namba katika kila chumba, na vyumba vyenye −68 kwenda chini vimezungushiwa duara.

## Hatua ya 3: Hamisha kabla hujanunua

Mafundi wengi huweka kisanduku mahali uzi ulipoingilia: pembeni ya dirisha la mbele, sakafuni, nyuma ya runinga. Ni rahisi kwao, lakini nusu ya mawimbi yako inaishia uani kwa jirani.

Chukua ile kebo ndefu. Kama tayari una ruta ya pili, hata ya zamani, iunge kwa kisanduku na uibebe hadi katikati ya nyumba, mara nyingi koridoni. Iweke juu, urefu wa kifua au zaidi, mbali na runinga na friji. Kama huna ruta ya pili, mwombe fundi wa kampuni akusogezee kisanduku chenyewe. Uzi wa faiba usiukate wala kuurefusha mwenyewe.

Antena nazo zina mwelekeo. Ikiwa imesimama wima, mawimbi yake hutandazwa kama chapati kuizunguka, na machache tu huenda juu na chini. Kwa nyumba ya chini zisimamishe zote. Ukitaka kufikia chumba kilicho juu kidogo au kando ya ngazi, laza moja.

Pima tena vyumba vile vile. Katika nyumba ya vyumba viwili au vitatu isiyo na ghorofa, kuhamisha peke yake huweza kufuta duara zote kwenye ramani. Ikiwa hivyo, kazi imekwisha. Nenda moja kwa moja hatua ya 8.

Tahadhari: usifiche ruta ndani ya kabati la runinga ili sebule ipendeze. Ndani humo inapata joto, na mbao, vioo na nyaya vinailemea.

## Hatua ya 4: Amua: ruta moja, au vituo viwili

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko chapa yoyote utakayonunua, kwa hiyo niukalie kidogo.

Watu hudhani ruta yenye nguvu zaidi itapenya zaidi. Sahau kidogo upande wa ruta na ufikirie simu yako. Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili: ruta ikituma, simu lazima ijibu. Simu ina antena ndogo na betri ya kulinda, haiwezi kupaza sauti kama ruta. Kwa hiyo unaweza kununua ruta kubwa, ukaona vijiti vyote vya Wi-Fi vimejaa katika chumba cha nyuma, na bado ujumbe wa WhatsApp ukakaa na alama ya saa. Simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Na mamlaka za mawasiliano huweka kikomo cha nguvu ya kurusha, kwa hiyo antena sita hazimaanishi nguvu mara sita. Antena nyingi husaidia kuhudumia vifaa vingi na kuelekeza mawimbi, lakini mawe hayatobolewi kwa wingi wa antena.

Kinachotibu umbali na ukuta ni kituo cha pili, yaani kifaa kingine cha kurusha Wi-Fi, kilicho karibu na simu. Ruta mbili za bei ya wastani zilizounganishwa kwa kebo huishinda ruta moja ya bei kubwa katika nyumba yoyote ya mawe niwezayo kuifikiria.

Bedsita au chumba kimoja. Kisanduku cha kampuni kinatosha. Usinunue kitu, ila kama hakina GHz 5 na mtaa umejaa mitandao.

Vyumba viwili au vitatu, nyumba ya chini. Ruta moja nzuri ya masafa mawili, katikati ya nyumba, iliyofikishiwa kebo kutoka kwa kisanduku.

Mezoneti au nyumba ya ghorofa. Vituo viwili, kimoja kila sakafu, na kebo ikipita kando ya ngazi au kwenye bomba la nyaya ukutani. Usitegemee kituo kimoja kupenya slabu.

Boma lenye nyumba kadhaa. Katika boma la Siaya, Vihiga au Bungoma huenda kisanduku kiko nyumba kubwa, na vijana wako simba, yaani nyumba ndogo ya vijana wa kiume, mita arobaini kando. Hapa kuna njia mbili: kebo ya nje iliyozikwa ndani ya bomba, isiyozidi mita 100, ambacho ndicho kikomo cha kebo ya mtandao, au jozi ya antena za nje zinazotazamana, moja kila nyumba. Antena hizo lazima zionane. Mwembe ulio katikati utazizuia, hasa ukiwa umelowa mvua. Mimi ningechagua antena za nje, kwa sababu ya radi. Nitaeleza hatua ya 8.

### Ripita je?

Ripita ya kuchomeka kwenye soketi ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo inayokatisha tamaa zaidi. Ile ya bei nafuu husikia na kurudia kwa redio moja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Tena watu huichomeka ndani ya chumba kisicho na mawimbi, ambako haina cha kurudia. Ukilazimika kuitumia, ichomeke katikati ya safari, mahali panaposoma −60 au bora zaidi.

Mfumo wa meshi ni bora kuliko ripita, kwa kuwa vituo vyake husimamiwa pamoja na simu huhama kwa ulaini. Lakini meshi isiyo na kebo inakabiliwa na slabu ile ile. Ikiwezekana, unga vituo vya meshi kwa kebo. Vingi vina tundu lake.

### Ukitumia ruta ya laini ya simu

Pasipo na faiba, wengi hutumia ruta ya 4G au 5G. Kisumu, Kakamega na Kisii zilikuwa kati ya miji minne ambako Safaricom ilianza majaribio ya 5G mwaka 2021, lakini kuwepo mjini si kuwepo mtaani kwako. Weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu ya 5G, zunguka nyumba, na upime kasi kwenye kila dirisha.

Ruta ya namna hii ina mahitaji mawili yanayopingana: inataka dirisha lililoelekea mnara, na wewe unaitaka katikati ya nyumba. Ikubalie dirisha, kisha peleka kebo hadi kituo cha pili ndani. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, tofauti kati ya dirishani na katikati ya chumba huwa kubwa mno.

Tahadhari: ruta ya laini iliyotoka Marekani huenda haishiki masafa yetu. Kabla ya kulipa, hakikisha maelezo yake yanataja LTE (yaani 4G) bendi ya 3 (MHz 1800) na bendi ya 20 (MHz 800).

## Hatua ya 5: Soma boksi kama fundi

Boksi la ruta limejaa tarakimu. Za maana ni tano.

Kizazi. Wi-Fi 4 ni ya mwaka 2009; usinunue ruta mpya ya kizazi hicho. Wi-Fi 5 bado inafaa kwa kifurushi kidogo. Wi-Fi 6, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2019, ndiyo ningemshauri mtu anunue leo, kwa sababu hugawa zamu vizuri vifaa vinapokuwa vingi. Wi-Fi 7 ni nzuri, lakini kwa laini ya Mbps 20 au 40 na simu za kawaida hutaona tofauti inayolingana na bei yake.

Ile namba kubwa. AC1200 ni jumla ya 300 kwenye GHz 2.4 na 867 kwenye GHz 5. AX1500 ni 300 na 1201. AX1800 ni 574 na 1201. AX3000 ni 574 na 2402. Ni kasi za nadharia, na simu moja haitumii jumla yake. Angalia AX1500 kwa makini: 300 ile huonyesha kwamba upande wa GHz 2.4 kwa kawaida ni wa Wi-Fi 4. Ikiwa chumba chako cha mbali kitategemea GHz 2.4, AX1800 inafaa zaidi.

Ukiona N300 peke yake, hiyo ni ya masafa ya 2.4 tu. Iache dukani, hasa ukiishi kwenye fleti.

Matundu ya kebo. Tafuta neno Gigabit, au 10/100/1000. Likiwa ni 10/100 tu, kebo haitapitisha zaidi ya Mbps 95 hivi, hata boksi liseme 1200. Kwa kifurushi cha Mbps 20 haidhuru. Kwa cha 100 na kuendelea, inadhuru.

Ulinzi. Njia ya kufunga Wi-Fi kwa nenosiri iwe WPA3, au angalau WPA2.

Uwezo wa kugeuzwa kituo. Maelezo yataje "Access Point Mode". Bila hiyo, kuiunga kwa kisanduku cha kampuni kutakuwa kazi ya kuzunguka.

## Hatua ya 6: Kagua dukani kabla ya kulipa

Ukiwa Oginga Odinga Street mjini Kisumu au Kenyatta Avenue pale Nakuru, usione haya kuomba boksi lifunguliwe. Sema tu: "Boss, nifungulie nione adapta na kibandiko cha chini." Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Geuza adapta uisome. Mstari wa INPUT unapaswa kusema 100-240V. Ikisema 120V peke yake, itaungua mara ya kwanza utakapoichomeka, kwa sababu stima yetu ni volti 240. Mstari wa OUTPUT, kwa mfano 12V 1A au 12V 1.5A, uandike kwenye karatasi yako. Utauhitaji hatua ya 8.

Linganisha namba ya mfululizo (Serial Number au S/N) iliyo kwenye boksi na ile iliyo chini ya ruta. Zisipofanana, boksi si lake.

Tahadhari kuhusu vya mtumba: visanduku vya kampuni za intaneti huuzwa mitaani kwa bei ya kuvutia. Vingi vimefungiwa mtandao wa kampuni iliyovitoa, au bado ni mali yake. Cha faiba hutambuliwa kwa namba yake kwenye mtambo wa kampuni, na hakitawaka kwa kampuni nyingine hata ukijua nenosiri. Ruta ya 4G ya mtumba ijaribu hapo hapo kwa laini ya kampuni unayotaka kutumia.

Omba risiti yenye jina la modeli, na uulize una siku ngapi za kurudisha.

Wakati uko dukani, nunua kebo pia. Cat5e inatosha kwa gigabiti moja hadi mita 100. Cat6 ni sawa vilevile. Omba ya shaba tupu. Ile iliyoandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika ikikunjwa na hupoteza nguvu kwa umbali. Kama itapita nje, iwe yenye ganda la nje linalostahimili jua; ya ndani hupasuka ikichomwa na jua la Kisumu.

## Hatua ya 7: Funga na uiweke sawa

1. Chomeka kebo kutoka tundu la LAN la kisanduku cha kampuni hadi tundu la WAN la ruta mpya. Mara nyingi la WAN lina rangi yake tofauti.

2. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chake, kama 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na ubadilishe nenosiri la usimamizi. Hili si lile la Wi-Fi. Ukiliacha la kiwandani, mgeni yeyote uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia na kukufungia nje.

3. Chagua hali ya Access Point. Usipoigeuza, utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani (namba ambayo kila kifaa hupewa kwenye mtandao), moja ndani ya nyingine. Michezo na simu za video zinaweza kusumbua, na printa iliyo upande mmoja haitaonekana upande wa pili. Mbaya zaidi ni kuunga LAN kwa LAN bila kugeuza chochote: ruta zote mbili zitagawa anwani kwenye mtandao mmoja, na simu zitapata intaneti leo, zikose kesho.

4. Toa jina moja na nenosiri moja kwa vituo vyote viwili. Simu itahama yenyewe ukipanda ngazi.

5. Tenganisha chaneli. Kituo cha chini kiwe 1, cha juu kiwe 6 au 11, upana MHz 20 kwenye GHz 2.4. Kwenye GHz 5 acha MHz 80, pia kwa chaneli tofauti.

6. Zima WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nenosiri. Ni mlango mwepesi wa kuvunja.

7. Sasisha programu ya ruta, kisha iwashe upya. Stima ikikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza kufa, kwa hiyo usifanye hivyo mawingu yakiwa yametanda.

Umefaulu ukiona: simu iliyo chini na iliyo juu zote zina anwani za ukoo mmoja, kwa mfano zote zinaanza na 192.168.100, na fast.com inatoa karibu kasi ile ile uliyopima hatua ya 1.

## Hatua ya 8: Ikinge na stima na radi

Nyumba za bonde la Ziwa Victoria hupata ngurumo nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na Kakamega, Kisii na Kericho wanajua mchana unavyoweza kugeuka. Ruta nyingi zilizokufa hazikuungua kwa uzee.

Radi huingia kwa njia mbili: waya wa stima na kebo ya shaba inayotoka nje. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, lakini adapta ya kisanduku chake bado iko ukutani. Antena ya nje juu ya paa iungwe na waya wa ardhini na fundi anayejua kazi. Ngurumo ikianza, chomoa adapta na pia kebo ya mtandao inayotoka nje. Kuzima swichi ya soketi pekee hakutoshi.

Hii ndiyo sababu sipendi kebo ya shaba kati ya nyumba mbili za boma. Radi ikipiga karibu, udongo wa nyumba hii na ile hupata volti tofauti, na kebo yako inakuwa njia ya kuzisawazisha. Antena zinazotazamana haziunganishi nyumba hizo kwa shaba. Ukitaka waya, tandaza faiba.

Kwa stima inayokatika, nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Hapa ndipo ile OUTPUT uliyoandika inapohitajika: volti lazima zilingane kabisa, na ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Ukichomeka volti 12 kwenye kifaa cha volti 9, umekiua.

Kukadiria muda, chukua mAh iliyoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1000. UPS ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37. Ruta ya 12V 1A hula wati 12 ikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa hiyo baada ya upotevu unapata kama saa mbili na nusu, na zaidi ikiwa imetulia. Kumbuka kisanduku cha kampuni nacho kinahitaji stima. Ukikinga ruta peke yake, Wi-Fi itaonekana lakini intaneti haipo. Chagua UPS yenye matundu mawili, au nunua mbili, na kama una kituo cha juu kihesabu pia.

Umefaulu ukiweza: kuzima swichi kuu ya nyumba huku mtu akiwa kwenye simu ya video, na mazungumzo yasikatike.

## Hatua ya 9: Pima upya ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha

Rudi na ramani ile ile, simu ile ile, na usimame mahali pale pale. Andika namba mpya kando ya za zamani. Kila chumba unachokitumia kiwe −67 au bora. Kisha piga simu ya video saa tatu usiku, anzia sebuleni, panda ngazi, ingia chumba cha nyuma, toka hadi jikoni. Picha ikiganda sekunde moja ukivuka kutoka kituo kimoja hadi kingine, ni kawaida. Ikiganda na kubaki imeganda, simu inang'ang'ania kituo cha mbali: punguza nguvu ya kurusha ya GHz 2.4 kwenye kituo hicho hadi kiwango cha kati, kisha urudie matembezi.

Chumba kimoja kikibaki chini ya −70 baada ya yote hayo, sogeza kituo mita moja au mbili kuelekea mlango wake kabla ya kufikiria kununua cha tatu. Mlango wa mbao hupitisha mawimbi kuliko ukuta wa mawe, na mara nyingi mita hiyo moja ndiyo iliyokuwa imekosekana. Ruta yenyewe ikizimika au kujiwasha upya mara kwa mara ndani ya wiki ya kwanza, usiivumilie. Ifungashe na boksi lake, chukua risiti, uirudishe.